Duka la michezo Nateete lafunza kupambanua mchezo na kamari

Na Mwandishi Wetu

Asafiriye kutoka katikati ya jiji la Kampala kwa barabara ya Masaka huingia Nateete kwa kusukumana. Magari ya abiria, pikipiki za bodaboda na mikokoteni ya matoke hugombea njia moja, wachuuzi hunadi bidhaa zao hadi ukingoni mwa lami, na kila mpita njia huonekana kama mtu aliyechelewa mahali fulani. Kwa hiyo mtu akiona, katikati ya pilikapilika hizo, watu kumi na wawili walioketi kimya wakiwa wameinamia meza, hana budi kusimama na kuuliza kuna nini.

Mwandishi wa makala haya alisimama, lakini hakuwa wa kwanza. Mlangoni alikuwa amekwisha simama konstebo mmoja kijana, amevaa sare, yuko zamuni. Yeye naye aliuliza, ila swali lake lilikuwa la kazi.

"Nani mwenye mahali hapa? Na hawa wanachezea nini?"

Msomaji aliye askari atatambua mara moja uzito wa swali hilo. Konstebo hakuuliza watu wale wanacheza nini, bali wanachezea nini. Baina ya maneno hayo mawili ipo tofauti ya herufi moja tu, na katika herufi hiyo ndimo ulimo mpaka kati ya burudani na kosa.

Mwenye duka aliinuka, akajipangusa vumbi la mbao mikononi. "Karibu, Afande," akasema. "Hapa tunachezea heshima tu. Tazama chini ya kila ubao. Ukikuta hata shilingi moja imewekwa, funga duka. Kufuli nitakuletea mwenyewe."

Lilikuwa neno la kijasiri, na kama tutakavyoona, lilimrudia kabla ya nusu saa kupita.

VILIVYOMO DUKANI

Duka lenyewe ni jipya. Siku ile lilikuwa na wiki tatu tu tangu kufunguliwa. Ni chumba kimoja cha matofali chenye kibaraza cha mabati mbele. Mwenyewe ni seremala wa makamo ambaye kwa miaka mingi alichonga vitanda na makochi, na ambaye kwa ombi lake tutamwita Fundi tu. Alieleza kwamba vipande vya mbao vilivyobaki katika kazi zake vilikuwa vikimrundikia karakana. Akaanza kuvichonga mbao za mweso ili visiishie jikoni, naye akastaajabu kuona kwamba mbao hizo zinauzika upesi kuliko vitanda.

Ukutani zimetundikwa mbao za mweso, kubwa na ndogo. Pembeni zimepangwa mbao za ludo zenye rangi nne na kioo juu yake, mbao za drafti ambazo wengi huzichezea kwa vifuniko vya chupa za soda, seti chache za sataranji za plastiki, na pakiti za karata. Mbele ya rafu ziko meza nne na mabenchi. Asiye na uwezo wa kununua ubao anaruhusiwa kuketi na kucheza, mradi anunue kikombe cha chai kwa binti wa Fundi, ambaye ndiye mtunza hesabu. Juu ya mlango yameandikwa kwa rangi nyeusi maneno matatu: Fedha zibaki mfukoni.

Konstebo aliyasoma maneno hayo, asiseme kitu. Alianza kuzunguka meza moja baada ya nyingine, na mwandishi akamfuata.

UBAO WA MWESO

Katika meza ya kwanza waliketi wazee wawili. Mmoja alikuwa mkazi wa Nateete mwenye mvi. Wa pili, aliyevaa shati la kiraia, aliinua uso akajitambulisha kwamba ni sajini wa jeshi, yuko katika siku yake ya mapumziko. "Tazama utakavyo, Konstebo," akasema, "lakini usimsaidie mzee huyu. Tayari ananinyanyasa."

Mweso ni mchezo wa kale wa Buganda, uliochezwa vijijini na vilevile katika baraza za Kabaka na za machifu wake. Ubao wake una mashimo 32, yaliyopangwa safu nne za mashimo manane manane. Kete zake ni 64, na kila mchezaji huanza na 32 katika safu zake mbili. Waswahili wa pwani wataona mara moja kwamba huyu ni ndugu wa bao, mchezo unaochezwa toka Lamu hadi Unguja na bara ya Tanzania, ambao hata Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mpenzi wake mashuhuri. Idadi ya mashimo na kete ni ileile. Kanuni ndizo zinazotofautiana.

Katika mweso, kila mchezaji hupanga jeshi lake apendavyo kabla ya vita kuanza. Zamu yake ifikapo, huchota kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, akazigawa moja moja katika mashimo yanayofuata, kinyume cha mwendo wa saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lililo na kete, na mashimo yote mawili ya adui yanayolikabili yakiwa nazo, basi kete za mashimo hayo mawili ni mateka. Zamu hukoma kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu. Ashindwaye ni yule asiyekuwa tena na shimo la kumwezesha kucheza.

Hapo hapana dadu, hapana karata iliyofichwa, hapana bahati. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Anayeshindwa hushindwa kwa sababu hakuhesabu vyema, na hana wa kumlaumu.

Liko jambo jingine ambalo sajini alimwonyesha konstebo kwa kidole. Kete zilizotekwa katika mweso hazitupwi nje ya ubao kama zinavyotupwa katika drafti au sataranji. Mtekaji huzigawa upande wake, nazo kuanzia hapo humpigania yeye. "Ndiyo maana mchezo huu haumalizi askari," alisema. "Leo kete hii ni adui yangu, baada ya dakika moja ni mlinzi wangu. Sisi tuliokuwa kaskazini tuliyaona hayo kwa macho. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilipopitishwa, maelfu ya waliokuwa waasi walitoka porini, na baadhi yao walivaa sare ileile niliyoivaa mimi."

SATARANJI NA JESHI

Meza ya pili ilikuwa ya wanafunzi wawili waliocheza sataranji. Konstebo alikiri kwamba mchezo huo hakuujua, naye alidhani ni wa watu wa Ulaya. Hilo ni kosa la wengi. Sataranji ilizaliwa Bara Hindi yapata miaka 1,500 iliyopita, na jina lake la awali lilikuwa na maana ya vikosi vinne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko ilipita Uajemi na nchi za Waarabu, ndipo ikafika Ulaya. Kwa maneno mengine, ni jeshi lililowekwa mezani.

Wako wakuu wa majeshi waliolichukulia jambo hilo kwa uzito. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, iliyokuwa dola kubwa ya Ujerumani, jina lake Georg von Reisswitz, alimwonyesha mkuu wa makao ya jeshi, Karl von Müffling, mchezo wa vita aliouendeleza kutokana na kazi ya baba yake. Ulichezwa juu ya ramani, kwa vipande vilivyowakilisha vikosi, kwa dadu na kwa mwamuzi aliyekaa kati ya pande mbili. Müffling aliupenda, akapendekeza usambazwe vikosini ili maafisa wajifunze kuamua kabla ya damu kumwagika. Tangu wakati huo majeshi mengi duniani yamekuwa na mazoezi ya namna hiyo. Kwa hiyo askari anayeambiwa kwamba michezo ya mezani ni ya watoto na wavivu ana haki ya kutoa jibu.

Na hata hapa Kampala jibu lipo, tena si mbali na Nateete. Mwaka 2005, katika mtaa wa Katwe, binti mdogo jina lake Phiona Mutesi aliingia katika darasa la sataranji la Robert Katende. Hakuvutwa na mchezo, bali na uji uliogawiwa watoto pale. Alibaki kwa ajili ya mchezo. Mwaka 2012 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya mataifa yaliyofanyika Istanbul, na kwa matokeo yake akapata cheo cha ubingwa. Mwaka 2016 maisha yake yalioneshwa duniani kote katika filamu. Bakuli moja la uji na ubao mmoja vilitosha kumfungulia njia.

KARATA NA MANENO YAKE

Katika meza ya tatu waliketi vijana wanne na karata mikononi, wakicheza matatu. Msomaji wa Kenya asidhani tunazungumza juu ya magari ya abiria, kwa maana hapa Uganda neno hilo ni jina la mchezo wa karata upendwao kuliko yote. Kila mchezaji hugawiwa karata saba. Hutupa karata inayolingana na ile iliyo juu, ama kwa alama ama kwa namba. Namba mbili humwadhibu anayefuata kwa kumwokotesha karata. Ree humpa mchezaji haki ya kubadili alama. Na namba saba ya alama inayostahili hukata mchezo papo hapo, kisha pointi huhesabiwa. Kanuni ndogo ndogo hutofautiana mtaa kwa mtaa, na ugomvi mwingi wa karata hutokana na watu kutokubaliana juu yake kabla ya kuanza.

Lugha ya karata katika Kiswahili ni ukumbusho wa historia. Kopa, uru, pau, shupaza na turufu ni maneno ya Kireno. Yaliachwa pwani na Wareno waliojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, katika miaka ya 1590 na kung'olewa humo mwaka 1698. Mizinga yao imenyamaza tangu zamani, lakini mchezaji wa karata wa pwani angali anataja maneno yao kila atupapo karata.

Matatu si kama mweso. Mna hesabu ndani yake na mna kumbukumbu, lakini mna bahati pia, kwa maana hakuna mwanadamu ajuaye atagawiwa nini. Konstebo alitazama mikono ya vijana wale, akatazama chini ya meza, hakuona kitu. Akageukia meza ya nne.

KILICHOFICHWA KATIKA KIGANJA

Meza ya nne ilikuwa ya ludo. Mchezo huo asili yake ni India, na Waingereza waliusajili kwa jina la ludo mwaka 1896. Hapa mwendo wa kila mchezaji huamriwa na dadu. Vijana wawili walikuwa wakicheza, na wa tatu alisimama nyuma yao akitazama. Mkono wake mmoja aliupumzisha mezani. Wa pili aliufumba, akaushikilia kiunoni.

"Fumbua mkono, ndugu," alisema konstebo kwa upole.

Kijana alisita. Alipofumbua, mlikuwamo noti nne zilizokunjwa. Alikuwa mshika dau.

Duka zima lilinyamaza. Fundi alishika kichwa. Wale wanafunzi wa sataranji walianza kukusanya vitabu vyao ili watoroke, na mmoja wa wacheza matatu alikuwa tayari mguu mmoja nje. Kila mtu aliyelelewa katika mitaa hii anajua kinachoweza kufuata: gari hufika, wote walioketi hubebwa, mwenye hatia na asiye na hatia pamoja, na jioni jamaa zao hujaa kituoni wakilia.

SHERIA INASEMAJE

Hapa yafaa tuiache hadithi kidogo, tuitazame sheria, kwa kuwa ndiyo chombo cha kazi cha wasomaji wetu.

Kanuni ya Adhabu ya Uganda iliyotungwa mwaka 1950, enzi ya utawala wa Waingereza, iliweka miongoni mwa makosa ya uzembe na utovu wa utaratibu kosa la kucheza mchezo wa bahati kwa fedha, au kwa kitu chenye thamani ya fedha, mahali pa hadharani. Msomaji apime maneno hayo. Mambo matatu yalitakiwa yawepo pamoja: mchezo wa bahati, fedha au thamani yake, na mahali pa hadharani. Kuketi na ubao wa mweso mchana si kosa hilo. Kutokuwa na kazi siku hiyo si kosa hilo. Mtu hawi mcheza kamari kwa sababu tu ameshika karata.

Tena Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sehemu ya kosa lililo jirani na hilo, lile lililowaruhusu askari kuwakamata watu kwa kudhaniwa tu kuwa wazururaji wenye nia mbaya. Funzo lake kwa askari ni wazi: mtu hushikwa kwa alilolitenda, hashikwi kwa jinsi anavyoonekana.

Kwa upande wa pili, Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya mwaka 2016 imeweka kwamba biashara ya kamari sharti iwe na leseni, na kwamba mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 haruhusiwi kushiriki. Vijana wale wa ludo, hata mmoja hakuwa amefika umri huo. Kwa hiyo kosa lilikuwapo, na konstebo hakulibuni.

SAJINI ASIMULIA

Kabla konstebo hajasema lolote, sajini aliuacha ubao wake, akaja akaketi kati ya wale vijana watatu. Aliomba ruhusa kwa konstebo, akapewa.

"Wanangu," alianza, "mimi nilikuwa Somalia. Nchi yetu ilipeleka kikosi cha kwanza Mogadishu mwezi wa Machi 2007, nami nilikwenda miaka kadhaa baadaye. Risasi za kule zilinikosa. Nilirudi na posho ya kutosha kujenga nyumba. Karibu na makazi yetu palikuwa na duka la kubashiri matokeo ya mpira. Siku ya kwanza nilishinda. Laiti ningalishindwa siku ile ya kwanza! Kwa miezi saba nilizika fedha zote pale, kisha mshahara, kisha fedha nilizokopa kwa askari wenzangu. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mama yake hakuniuliza kitu. Alinitazama tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea.

"Wakati huo nilikuwa na lindo katika ghala la mafuta. Usiku mmoja alinijia mtu aliyejua kiasi cha deni langu, hadi shilingi ya mwisho. Akasema atalilipa lote, mimi nigeuze uso kwa saa moja tu. Nilikataa. Lakini wanangu, nilikaa kimya kitambo kabla ya kukataa, na kimya kile ndicho kinachonitia aibu hadi leo. Askari mwenye deni la kamari ni mlango usio na komeo. Anayetaka kuingia atausukuma tu."

Hakuna aliyemjibu. Mshika dau aliziweka zile noti nne mezani, akazisukuma, mbili kwa huyu, mbili kwa yule.

UAMUZI WA KONSTEBO

Konstebo aliandika majina ya vijana watatu katika daftari lake la doria, akawaeleza kosa lao kwa maneno mepesi, akawaonya kwamba wakionekana tena katika hali ile hakutakuwa na onyo la pili. Kisha akamgeukia Fundi.

"Mzee, uliniahidi kufuli."

Fundi hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na kufuli, akaiweka mkononi mwa konstebo. "Neno langu ni neno langu, Afande."

Konstebo aliitazama kufuli ile, akairudisha mezani. "Duka lina meza nne, na kosa limetoka katika meza moja," akasema. "Funga meza ya ludo kwa juma zima, na mtu yeyote asisimame nyuma ya wachezaji akiwa amefumba mkono. Mimi nitapita. Na mkubwa wangu nitamweleza yote, ili naye akitaka apite."

Wako watakaosema kwamba konstebo alilegea. Askari mmoja wa makamo ambaye mwandishi alimsimulia habari hii alisema waziwazi kwamba yeye angewapeleka vijana watatu kituoni, kwa maana onyo husahauliwa kabla ya jua kutua. Maoni hayo yana nguvu zake, nasi hatuyadharau. Lakini hata askari huyo alikubali jambo moja: watu tisa waliobaki hawakuwa na la kujibu, na kuwabeba wote kungekuwa dhuluma iliyovaa sare.

Jambo hilo ni zito zaidi hapa kuliko mahali pengi. Septemba 2009, wakati wa ghasia zilizozuka Kampala baada ya Kabaka kuzuiwa kuzuru Kayunga, kituo cha polisi cha Nateete kilichomwa moto. Watu walipoteza maisha yao katika siku zile sehemu mbalimbali za jiji, na makovu yake yalichukua muda kupona, kwa raia na kwa askari. Kituo kinaweza kujengwa upya kwa matofali na saruji katika muda mfupi. Imani ya wakazi hujengwa polepole, kwa askari kupita mtaani, kutazama kwa makini, kushika kilicho kosa na kuacha kisicho kosa. Siku ile dukani, watu tisa walimwona polisi akipambanua. Walikwenda nyumbani na habari hiyo.

JIONI

Konstebo alikuwa amekaribishwa mara tatu aketi acheze, naye mara tatu alikataa kwa kuwa alikuwa zamuni. Hilo nalo liandikwe kwa sifa yake. Lakini ilipotimu saa kumi na mbili na nusu jioni, Fundi akiwa anawasha taa, alirudi bila sare, amevaa shati la michirizi, akalipia kikombe chake cha chai, akaketi mbele ya mzee mwenye mvi katika meza ya mweso.

Alishindwa. Alishindwa upesi, akashindwa tena, na mara ya tatu alistahimili kiasi kwamba sajini alisimama nyuma yake kutazama, mikono yote miwili ikiwa wazi. Mzee aliposhinda mara hiyo ya tatu, hakucheka. Alimwonyesha konstebo shimo moja la safu ya nyuma, akamwambia, "Hapa ndipo ulipofia, mwanangu. Uliniangalia mimi nilikokuwa nikipiga, hukuangalia nyumbani kwako."

Ndugu askari, makambini na vituoni ziko saa nyingi za kungoja, na kungoja ni sehemu ya kazi yetu kama ilivyo kupiga kwata. Saa hizo hazikosi kujazwa na kitu. Ubao wa mweso, ubao wa drafti, sataranji, hata karata, ni vitu vya bei nafuu vinavyofundisha kuhesabu, kustahimili na kushindwa bila kugombana. Lakini mara noti ya kwanza inapowekwa chini ya ubao, kilichoko mezani si mchezo tena, na askari huwa amewapa watu wasiojulikana njia ya kuja kumjaribu lindoni.

Basi kabla hujaketi, jiulize swali la yule konstebo: tunachezea nini? Jibu likiwa ni heshima, keti ucheze. Jibu likiwa jingine, inuka, na umwinue na mwenzako.